Hesabu Ikifika Sita

Laini ya uwanja wetu ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Ziko tisa, zimepangwa kutoka kona moja ya uwanja hadi kwenye mkaratusi mmoja uliopinda, na hatua mbili nyuma yake kuna mtaro. Mtaro una maji ya mvua na chochote ambacho majirani wameamua kumwaga wiki hiyo. Frisbi ikitoka nje upande huo inaishia humo, na aliyerusha ndiye anayeifuata. Ni sheria ambayo timu yetu haijawahi kuiandika popote na ambayo hakuna mtu amewahi kuibishia.

Jumamosi moja nilishuka kwenye huo mtaro mara tano.

Zoezi lenyewe ukilieleza linaonekana la watoto. Unasimama na frisbi mkononi, vidole vya miguu karibu viguse chupa. Mkabaji anasimama upande wa katikati ya uwanja, mikono ameitandaza, hivi kwamba kila ukitazama ndani unaona kifua chake na jasho lake tu. Anaanza kuhesabu kwa sauti: stali, moja, mbili, tatu. Nyuma yako kidogo, mita kama saba, kuna mwenzako mmoja ambaye naye ana mtu wa kumkaba. Kazi yako ni kumrushia huyo mwenzako kabla hesabu haijafika kumi. Basi. Pasi ya mita saba, ya kurudi nyuma. Tunaiita riseti, kwa sababu akiidaka, hesabu inaanza tena kutoka moja.

Siku hiyo aliyekuwa nyuma yangu ni Mwalimu. Anafundisha darasa la nne katika shule moja Eastlands, na sote tunamwita Mwalimu, hata kwenye grupu ya WhatsApp, hata wale waliomzidi umri. Nilipotoka mtaroni mara ya tano, raba zangu zikinuka, alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni.

"Uliniona saa ngapi?"

"Tatu."

"Ukarusha saa ngapi?"

"Tisa."

"Sasa hapo katikati ulikuwa unangoja nani?"

Nilifuta frisbi kwa fulana. Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Alirudi mahali pake, mita saba nyuma.

Nikiwaambia watu nacheza frisbi, wengi huniuliza mbwa wangu anaitwa nani. Kwa hivyo wacha nieleze haraka. Ni mchezo wa timu, saba kwa saba, ulioanzishwa na wanafunzi wa shule moja ya sekondari huko Maplewood, New Jersey, mwaka 1968. Uwanja kamili una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho una eneo la mita 18 ambalo ukidaka ndani yake umefunga pointi. Frisbi ina uzito wa gramu 175. Ukiwa nayo hukimbii. Unaruhusiwa kugeuka ukiwa umekita mguu mmoja tu, kama kwenye netiboli. Ikianguka chini, ni ya wapinzani, papo hapo ilipoangukia. Na hakuna refa. Hata kwenye mashindano ya dunia, wachezaji wenyewe ndio husema nani amemgusa nani. Nitarudi kwa hilo.

Kitu ambacho humchanganya kila mtu anayetoka kwenye soka ni laini. Kwenye soka mpira ukiwa juu ya mstari bado uko ndani. Kwetu mstari wenyewe ni nje. Ukidaka na kisigino kimeugusa, umepoteza. Ukiwa katikati ya uwanja una zaidi ya mita kumi na nane kila upande, na mkabaji anaweza kukuzibia upande mmoja tu kwa wakati. Ukiwa kando, upande mmoja umezibwa na laini, ambayo haichoki wala haidanganyiki, na ule mwingine umezibwa na mtu. Ndiyo maana timu zilizokomaa hukusukuma huko makusudi, ukifikiri umejipatia nafasi kumbe ni wao wamekuachia. Kinachobaki ni kijia chembamba mbele kando ya laini, na mtu mmoja nyuma yako.

Na hakuna anayetaka kurusha nyuma. Hilo nalisema kwa uhakika. Nenda Instagram utafute klipu za frisbi: utaona mtu akirusha mita sitini, mwingine akiruka juu ya mabega ya watu kuidaka. Hutaona riseti. Ukiwa na frisbi mkononi macho yanakwenda mbali yenyewe, kwa sababu mbali ndiko kuna sifa, na unajiambia sekunde moja tu zaidi, mtu ataachika. Sekunde zinakwisha. Saa ya tisa unageuka ukiwa umepaniki, unarusha mahali mwenzako alipokuwa amesimama sekunde tatu zilizopita.

Huko nyuma nilijifunzia mchezo huu chuoni, mwaka wa kwanza, jioni za Alhamisi. Chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa tatu, muhula wa pili, 2022. Naandika "nilikiacha" kwa sababu ni neno fupi. Hakuna siku ninayoweza kuionyesha nikasema, hii hapa, ndiyo niliyoondoka. Nilikuwa na deni la fees la 64,000, na ukiwa na deni jina lako haliko kwenye orodha ya mtihani. Nikakosa mtihani wa kwanza, nikajiambia nitaufanya baadaye. Nikakosa wa pili. Halafu nikaona hakuna maana ya kuhudhuria darasa la kitu ambacho sitatahiniwa. Halafu siku moja nikagundua sijashuka kwenye ile steji ya chuo kwa wiki sita.

Frisbi niliendelea nayo. Haikuniuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Nilihamia timu ya mtaani inayofanya mazoezi kwenye huu uwanja wa chupa, ambako mchango ni shilingi mia moja kwa wiki na ukikosa hufukuzwi.

Mama hakujua.

Mama yuko Voi. Anauza chai, mahamri na mbaazi karibu na steji, anaanza saa kumi za usiku kukanda na kufikia saa nne asubuhi amemaliza. Huniita "mama", kwa sababu nina jina la mamake. Kwa hivyo simu zetu zilikuwa hivi:

"Mama, masomo?"

"Yako sawa, Mama."

"Haya, mama. Jikaze."

Dakika moja na nusu. Ukizirudia simu hizo kwa mwaka mzima, uongo unaacha kuhisi kama uongo. Unakuwa namna ya kusalimiana.

Usiku nilikuwa naandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Ndiyo, ile kazi. Kama umeishi Nairobi ukiwa na laptopu na njaa, unaijua. Kuna mtu mahali fulani ana digrii ya uuguzi ambayo kurasa zake nyingi nilizichapa mimi, juu ya kitanda, blanketi mabegani, nikiwa sina hata cheti cha kuonyesha niliwahi kuketi darasani. Sijivunii, na pia sitajifanya iliniuma sana wakati ule. Kilichoniuma ni kulipwa kuchelewa. Sasa hivi naandika maelezo ya bidhaa, makala za benki na mashirika, na mara moja moja kitu kama hiki.

Januari 2023 Mama alinitumia 18,000 kwa M-Pesa. Zilikuwa za chama. Zamu yake ilikuwa imefika. Aliandika: malizia fees mama. Nililipa kodi ya miezi miwili na kununua chaja ya laptopu. Zilizobaki nilikula.

Hapo ningesema. Namaanisha, hata kabla ya hapo. Agosti 2022, nilipokosa mtihani wa kwanza, angekasirika, angelia, angeenda kwa mjomba, lakini bado kulikuwa na kitu cha kuamua pamoja. Nilimwona vizuri kabisa, mita saba nyuma yangu. Nikaendelea kuangalia mbali. Nilikuwa na mpango: nitapata kazi kubwa, nilipe deni lote kwa mkupuo mmoja, nirudi, nimalize, na hakuna atakayejua kulikuwa na pengo. Huo mpango ulikuwa ile pasi ya mita sitini. Ulikuwa unaachika kila mwezi ujao.

Sasa kuhusu refa. Mwaka huohuo, kwenye mechi ya kirafiki, nilikuwa namkaba jamaa mmoja mrefu na alipokuwa akirusha nikamgonga mkono. Frisbi ikaanguka. Timu yangu ilishaanza kuikimbilia. Jamaa akasema ni faulo, mchezo ukasimama, watu kumi na watatu wakanigeukia. Nikasema, "Ni kweli, nilikugusa." Akarudishiwa frisbi, wakafunga, na mwisho wa mechi, tuliposimama duara timu zote mbili, mikono mabegani, walinitaja mimi kwa uungwana. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Saa mbili usiku Mama akapiga simu kuuliza projekti yangu ya mwisho inaendeleaje. Nikamwambia msimamizi wangu bado hajairudisha.

Nilimpa hata jina huyo msimamizi.

Mwalimu alitufanyisha zoezi la laini wiki sita mfululizo. Watu walilalamika. Tulitaka kucheza mechi, yeye alitaka tusimame kando ya mtaro tukirusha mita saba. Alikuwa na mambo machache tu na aliyarudia kama mwalimu wa darasa la nne anavyorudia tebo ya saba.

Hesabu ikifika tano, anza kugeuka. Geuza kiuno chote, acha kugeuza shingo. Ukigeuza shingo peke yake, mikono bado inaelekea mbele na mwenzako hajui kama unamtaka au unamchungulia. Ikifika sita awe ameshaanza kukimbia. Mtazame anayemkaba. Akisimama nyuma yake, mwenzako atakata mbele kando ya laini: mrushie chini, mbele yake, ndani ya chupa. Akiruka kuziba mbele, mwenzako atarudi nyuma: mrushie laini, polepole, mahali patupu, naye apafikie. Usimrushie alipo. Alipo kuna mtu wa kumkaba.

Ikifika saba hajaachika, bado una sekunde tatu na anaweza kujaribu upande wa pili. Hiyo ndiyo faida yote ya kugeuka mapema, unajaribu mara mbili. Ukigeuka ya tisa unajaribu mara moja, na hiyo moja yenyewe ni ya kubahatisha.

Halafu kuna upepo. Kwetu unaanza kama saa tisa alasiri, unatoka upande wa mtaro. Pasi ya polepole ikipigana na upepo hupanda, inasimama hewani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, na kila mtu uwanjani ana muda wa kuifikia. Inabidi uinamishe ukingo wa nje kidogo, uirushe kwa kifundo cha mkono zaidi kuliko bega. Hilo lilinichukua karibu wiki tatu. Pia niligundua jambo ambalo nililipenda: mguu uliokita ukiwa ndani, ule mwingine unaweza kuvuka laini. Nimerusha riseti nzuri sana mguu wangu wa kushoto ukiwa nje kabisa ya chupa, nimeinama, nikinusa mtaro.

Kufikia wiki ya tano nilikuwa nageuka saa ya tano bila kufikiri. Kwenye uwanja.

Najua insha za aina hii huelekea wapi, mchezo unamfundisha mtu maisha, muziki unapanda, na mimi mwenyewe huziacha nusu. Kwa hivyo niseme ukweli: si frisbi iliyonifanya nipige ile simu. Ni kitenge.

Septemba 2023 Mama alinitumia picha. Kitenge cha kijani kibichi chenye ndege wa manjano, kimekunjwa juu ya ile meza yake ya mahamri. Wanawake kumi na wawili wa chama walikuwa wamekinunua pamoja kwa ajili ya graduation yangu ya Desemba. Alitaka nimpe tarehe kamili, kwa sababu walitaka kukata tiketi za SGR mapema wakae behewa moja. Chini ya picha aliandika: fundi anauliza bega lako ni ngapi siku hizi.

Niliiangalia hiyo picha siku nne. Jumapili saa nane mchana, nikijua amefunga na amelala kidogo, nikampigia. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye simu, yenye aya. Sikufika hata aya ya kwanza.

"Mama, mimi siko chuo."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Namaanisha sisomi. Niliacha."

"Uliacha leo?"

"Mwaka jana."

Nilisikia redio ya jirani yake. Nilisikia akiketi, kile kiti cha plastiki kina mlio wake.

"Elfu kumi na nane?"

"Nililipia nyumba."

Kimya kingine. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa.

"Kitambaa kimeshakatwa," akasema, akakata simu.

Siku sita hakupiga wala kupokea. Ya saba akatuma ujumbe. Hakukuwa na salamu, na mara ya kwanza maishani hakuniita mama. Zile ni pesa za wanawake. Utarudisha. 1500 kila mwezi tarehe 5, nitumie mimi nitapeleka.

Tulikuja kuongea vizuri baada ya miezi, nilipoenda Voi Krismasi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu kuhusu shule: deni, mtihani, kama nitarudi. Hayo aliyapita haraka. Alikuwa amejua watu walioacha shule; yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Alikuwa anakanda, hakunitazama.

"Ungeniambia tukiwa bado tunapiga domo tu, ningewaambia wenzangu, tungecheka, tungelia, yameisha. Wewe umengoja mpaka vitambaa viko kwa fundi. Nimepita nyumba kumi na moja, mama. Mlango kwa mlango. Kuna wengine walikuwa wamewaambia waume zao watalala Nairobi."

Nikamwomba msamaha. Akanipa donge la unga nisukume.

Vile vitenge vilishonwa vyote. Walivivaa Februari kwenye harusi ya mtoto wa mmoja wao, na kwenye picha wamependeza, wale ndege wa manjano kumi na wawili, kumi na wanne, hawahesabiki. Changu kililetwa na basi, kimefungwa kwa gazeti. Fundi alitumia kipimo cha zamani, cha kidato cha nne. Kinanibana mabegani nikiinua mkono.

Machi tulicheza na timu ya chuo kimoja, watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili, wana mbio balaa. Walinisukuma kando ya chupa dakika ya kumi hivi. Mkabaji alikuwa msichana mwenye rasta, anahesabu kwa sauti ya kondakta. Tano, nikageuza kiuno. Mwalimu akakata mbele, mkabaji wake akamfuata, akasimama, akarudi. Sita. Niliirusha polepole, ukingo umeinama, mahali patupu. Ilikuwa ndiyo riseti bora niliyowahi kurusha maishani. Ilimgonga Mwalimu kwenye viganja vyote viwili, ikaanguka.

Wale watoto walihitaji pasi mbili tu kufunga.

Mwalimu alirudi akitembea, akijifuta mikono kwenye kaptura. "Mkono wangu," akasema. Halafu, akipita, "Nyingine hivyohivyo."

Nimelipa miezi minane. Imebaki minne. Tarehe tano ikiangukia Jumamosi hutuma asubuhi kabla ya mazoezi, kwa sababu nikifika uwanjani simu huwa naiacha kwenye mkoba, na mkoba huwa naupeleka upande ule mwingine, mbali na mtaro.